Pangeni kifo cha setilaiti kabla ya kuirusha: mwongozo kwa timu ndogo

Setilaiti ndogo ikishatoka kwenye sanduku la kuiachilia angani, hakuna fundi atakayeifuata na bisibisi. Ndiyo maana karibu kila uamuzi unaohusu usalama wake, na uchafu itakaouacha, hufanyika ikiwa bado iko mezani: kwenye mkataba wa kurushwa, kwenye mchoro wa antena, kwenye mistari michache ya programu inayokata umeme wa betri. Mwongozo huu ni wa timu ndogo, hasa za vyuo vikuu vya kwetu, zinazojenga au zinazotaka kujenga setilaiti za aina ya CubeSat, zile zinazopimwa kwa vipande vya sentimita 10 kwa 10 kwa 10. Wenye setilaiti za tani tano wana idara nzima ya kazi hii. Ninyi mna wanafunzi wachache, mwalimu mmoja, na bajeti iliyokwisha kabla ya majaribio ya mtikisiko.

Kwa nini mhangaike na kitu chenye uzito wa kilo mbili? Kwa sababu kinakimbia. Kwenye vimo vya kilomita 400 hadi 600, kila kitu kinakwenda takribani kilomita 7.5 kwa sekunde, na vitu viwili vinavyokatizana njia vinaweza kukutana kwa kasi inayozidi kilomita 10 kwa sekunde. Tarehe 10 Februari 2009, setilaiti ya simu Iridium 33, iliyokuwa inafanya kazi, iligongana na Kosmos 2251 ya Urusi kilomita karibu 790 juu ya Siberia. Kosmos ilikuwa imekufa tangu 1995, inaelea tu. Vipande zaidi ya 2,000 vinavyoonekana kwa rada vilizaliwa siku hiyo, na vingine bado viko huko juu. Rada za kawaida huona vitu vya kuanzia sentimita 10 hivi. Shirika la Anga la Ulaya linakadiria kwamba vipande vinavyozidi sentimita moja ni zaidi ya milioni moja. Kipande cha sentimita moja kinatosha kuiua setilaiti yenu, na hakuna atakayewaonya.

Hatua ya 1: Chagueni kimo kwanza

Kama mna nguvu ya kupigania jambo moja tu, piganieni hili. Hewa haiishi ghafla unapotoka duniani. Chembe chache za hewa huendelea kupatikana mamia ya kilomita juu, na hizo ndizo huipunguzia setilaiti kasi kidogo kidogo mpaka ishuke na kuungua. Kadiri unavyopanda, chembe hizo huadimika haraka sana. Kwenye kilomita 400, setilaiti ndogo hukaa mwaka mmoja au miwili, pengine pungufu. Kwenye 500 ni miaka kadhaa. Kwenye 600 inaweza kupita miaka 15 au 20. Kwenye 800 unahesabu kwa karne, na kwenye 1,000 ni karne nyingi.

Setilaiti nyingi za kwanza za ukanda wetu zilianzia pazuri, ingawa sababu kubwa ilikuwa nafasi zilizopatikana wala si sera ya mtu. 1KUNS-PF ya Chuo Kikuu cha Nairobi iliachiwa tarehe 11 Mei 2018, RwaSat-1 ya Rwanda Novemba 2019, na PearlAfricaSat-1 ya Uganda tarehe 2 Desemba 2022. Zote tatu zilipitia Kibo, moduli ya Japani kwenye Kituo cha Kimataifa cha Anga, kwenye kimo cha kilomita 400 hivi. 1KUNS-PF ilikuwa imeshaungua kufikia mwaka 2020. Haikuacha chochote. Taifa-1 ya Kenya ilipanda kwa njia nyingine, ndani ya roketi ya Falcon 9 kutoka Vandenberg, California, tarehe 15 Aprili 2023, pamoja na setilaiti nyingi za wengine.

Roketi hizo za wengi ni kama basi la usiku: dereva hakushushi mlangoni kwako. Kimo kinaamuliwa na mteja mkubwa au na ratiba ya kampuni. Kwa hiyo ulizeni kabla ya kulipa malipo ya awali: mtatuachia kilomita ngapi, na kwa tofauti ya juu na chini kiasi gani? Mkiambiwa 500, pokeeni. Mkiambiwa 600, jiulizeni kama kamera yenu kweli inahitaji kuwa huko. Mara nyingi haihitaji. Picha za ardhi huwa bora zaidi ukiwa chini.

Kipimo cha zamani cha muda ambao setilaiti inaruhusiwa kubaki angani, kilichopendekezwa na kamati ya kimataifa ya mashirika ya anga inayoshughulikia uchafu wa angani, kilikuwa miaka 25 baada ya kazi kwisha. Marekani imekipunguza hadi miaka 5, kwa uamuzi wa tume yake ya mawasiliano, FCC, wa Septemba 2022, na Shirika la Anga la Ulaya nalo limehamia miaka 5. Fanyeni hesabu zenu kwa miaka 5 hata kama mamlaka ya kwenu haijadai hivyo. Anayewarusha, au anayewapa leseni ya kituo cha ardhini nchi nyingine, atadai.

Hesabu yenyewe si ya kukisia. NASA wanatoa bure programu iitwayo DAS, na Ulaya wanatoa DRAMA. Mtaingiza uzito, eneo linalokabili upepo wa chembe hizo, kimo na tarehe ya kurushwa. Tarehe ni muhimu kuliko wengi wanavyodhani, kwa sababu jua lina mzunguko wa miaka 11 hivi. Likichachamaa, hewa ya juu hupata joto, hutanuka, na setilaiti hushuka haraka. Likipoa, setilaiti ileile kwenye kimo kilekile hukaa mara kadhaa zaidi. Kilele cha mzunguko wa sasa kilitangazwa Oktoba 2024, hivyo anayerusha miaka inayofuata anaelekea kwenye jua tulivu. Msichukue hesabu ya timu iliyorusha 2023 mkadhani ni yenu. Na msisahau kwamba kinyume chake pia hutokea: Februari 2022, kampuni ya SpaceX ilirusha setilaiti 49 za mtandao wake wa intaneti, Starlink, kwenye kimo cha chini sana cha kuanzia, dhoruba ya jua ikapiga siku iliyofuata, na karibu 40 zikarudi na kuungua ndani ya siku chache.

Mkilazimika kwenda juu, kuna tanga: kitambaa chepesi kinachokunjuliwa mwishoni ili kuongeza ukinzani wa hewa. Tanga linafaa kwa masharti kwamba linakunjuka lenyewe hata setilaiti ikiwa imekufa. Tanga linalosubiri amri kutoka kituo ambacho hakisikiki tena ni uzito wa bure.

Hatua ya 2: Msiachie hata nati

Kila kitu kinachobanduka kutoka kwenye setilaiti kinakuwa setilaiti yake chenyewe, bila jina. Vifuniko vya lenzi, springi, bolti za kulipuka, vipande vya mkanda wa gundi: miaka ya zamani vilitupwa hovyo. Mwaka 1983, dirisha la chombo Challenger lilipata kishimo baada ya kugongwa na chembe ya rangi yenye upana wa sehemu ya milimita. Dirisha lilibidi libadilishwe.

Kwenye CubeSat, mahali pa kuangalia ni antena. Kwa kawaida antena ni utepe wa chuma chembamba, aina ya ule wa futi ya fundi, uliokunjwa kuzunguka mwili wa setilaiti na kufungwa kwa uzi wa nailoni au mshipi wa kuvulia. Uzi huo unapita juu ya rezista ndogo. Saa ya ndani ikihesabu dakika zilizowekwa (kanuni za CubeSat zinataka angalau dakika 30 baada ya kuachiwa kabla ya kukunjua kitu, na 45 kabla ya kutuma mawimbi), umeme unapita kwenye rezista, inapata joto, uzi unayeyuka, antena inaruka.

Sasa uliza: uzi ulienda wapi? Katika michoro mingi ya wanaoanza, uzi umefungwa fundo upande mmoja tu, na upande wa pili ukishakatika unabaki na mkia mrefu, au unachomoka kabisa. Dawa yake ni rahisi. Funga ncha zote mbili kwenye matundu yaliyo kwenye fremu, kila moja na fundo lake na tone la gundi ya epoksi, ili uzi ukikatika katikati kila nusu ibaki imeshikwa kwake. Weka rezista mbili, si moja, kila moja na njia yake ya umeme. Halafu jaribuni kwenye chumba cha ombwe kikiwa na baridi, kwa sababu rezista inayoyeyusha uzi mezani Morogoro kwenye nyuzi 28 inaweza kushindwa kwenye nyuzi 20 chini ya sifuri. Baada ya jaribio fungueni chumba na mtafute kila kipande cha uzi. Kama hamkipati, angani pia hamtakipata.

Skrubu zote ziwe na gundi ya kuzuia kulegea. Hili halina mjadala.

Hatua ya 3: Metali inayoungua

Alumini huyeyuka kwenye nyuzi 660 hivi, na CubeSat ya alumini na mbao za saketi huisha yote angani. Tatizo ni titaniamu, tangisteni, chuma cha pua kinene na vioo vizito vya kamera. Tarehe 8 Machi 2024, kipande cha metali cha gramu 700 hivi kilitoboa paa la nyumba huko Naples, Florida, kikapita na sakafu. NASA walithibitisha kilitoka kwenye shehena ya betri chakavu iliyotupwa kutoka Kituo cha Kimataifa cha Anga mwaka 2021, na kwamba kilikuwa cha Inconel, aloi ya nikeli iliyotengenezwa kuvumilia joto. Hesabu zilikuwa zimesema kila kitu kitaungua.

Kikomo kinachotumika na wengi ni kwamba uwezekano wa kumdhuru mtu yeyote duniani usizidi 1 kwa 10,000 kwa kila setilaiti inayorudi. DAS itawapa namba hiyo mkiorodhesha vipande vyenu kwa uaminifu. Mkiona tangisteni imetumika kama uzito wa kusawazisha, ibadilisheni.

Hatua ya 4: Betri na swichi ya mwisho

Setilaiti iliyokufa bado inaweza kulipuka. Paneli za sola haziambiwi kwamba kazi imekwisha. Zinaendelea kuchaji betri inayozeeka, inayopata joto na baridi mara 15 au 16 kwa siku. Februari 2015, setilaiti ya hali ya hewa ya Marekani DMSP-F13, iliyokuwa angani tangu 1995, ilipasuka kwa sababu ya betri yake. Kwa vyombo vyenye mafuta, hatari kubwa ni mafuta yaliyobaki na matangi yenye gesi ya shinikizo, na maroketi yaliyoachwa na mafuta yamepasuka mara nyingi sana.

Kwenye saketi yenu ya umeme, wekeni swichi inayotenganisha paneli na betri kwa kudumu na kuacha betri iishe. Hapa kuna mtego, na nimeona timu zikibishana usiku kucha juu yake: swichi inayoua setilaiti mwishoni inaweza pia kuiua katikati, kwa amri iliyotumwa kimakosa au biti moja iliyogeuzwa na mionzi. Suluhisho linalokubalika ni amri mbili tofauti, zinazofuatana ndani ya muda maalumu, zenye nywila tofauti, na mwisho wa yote saa ya ndani: setilaiti isiposikia amri yoyote kutoka ardhini kwa muda mliouchagua, tuseme miezi kadhaa, ijizime yenyewe. Wengine husema saa hiyo ni hatari kwa sababu kituo cha ardhini kinaweza kuharibika. Kweli, ila kituo kikiharibika kwa miezi kadhaa na hakuna rafiki wa kuwasaidia kutuma amri moja, basi setilaiti hiyo haikuwa na mwenyewe.

Redio nayo lazima izimike kwa amri. Hilo ni sharti la Umoja wa Kimataifa wa Mawasiliano, ITU, wala si hiari.

Hatua ya 5: Karatasi

Anzeni mapema, miezi kumi na minane kabla ikiwezekana. Masafa ya redio yanaombwa kupitia mamlaka ya mawasiliano ya nchi, TCRA kwa Tanzania, CA kwa Kenya, UCC kwa Uganda, RURA kwa Rwanda, nayo hupeleka ITU. Mkataba wa Anga za Juu wa 1967 unaifanya serikali iwajibike kwa kila kinachorushwa na raia wake, hata chuo kikuu binafsi. Kwa hiyo serikali ina haki ya kuwauliza maswali yote ya mwongozo huu. Mhakikishe mmekubaliana kwa maandishi ni nchi gani itaiandikisha setilaiti Umoja wa Mataifa, hasa kama mnajenga na chuo cha nje.

Hatua ya 6: Siku ya kuachiwa, ijueni iliyo yenu

Roketi moja ya wengi ya SpaceX ya Januari 2021 iliachia setilaiti 143. Kwa siku za kwanza, pengine wiki, rada zinaona msururu wa nukta zilizopewa herufi tu, na hakuna ajuaye ipi ni ya nani. Setilaiti isiyotambuliwa haiwezi kupewa onyo la mgongano, wala mwenyewe hawezi kuelekeza antena.

Mnaitambua kwa sauti yake. Tuseme mnatuma kwenye megahezi 437. Ikija kutoka upeo wa macho, mtaisikia juu kidogo ya masafa yake, hadi kilohezi 10 hivi. Ikipita juu yenu masafa yanashuka kwa kasi. Ikienda zake yanakuwa chini kwa kiasi kilekile. Muda ambao masafa yanayoshuka yanapita kwenye masafa halisi ndio muda setilaiti ilikuwa karibu nanyi zaidi. Rekodini muda huo hadi sekunde, kwa mpito wote wa dakika kumi. Kisha chukueni data za obiti (njia ya kuizunguka dunia) za nukta zote za msururu huo kutoka tovuti za Space-Track au CelesTrak, pigeni hesabu kila nukta ingepita juu yenu saa ngapi, na muone ipi inalingana. Mpito mmoja unabakiza nukta tatu nne. Mipito ya siku mbili tatu huacha moja. Mtandao wa vituo vya hiari wa SatNOGS unasaidia sana, kwa kuwa unapata mipito ya mabara mengine. Mkishapata jibu, waandikieni wanaotunza orodha, kikosi cha jeshi la Marekani kinachoendesha Space-Track, wabadilishe jina.

Neno moja kuhusu saa. Ratiba zote ziko kwenye saa za UTC, nasi wa Tanzania, Kenya na Uganda tuko saa tatu mbele, na juu ya hapo tunahesabu saa kwa Kiswahili. UTC 23:00 ni 02:00 ya siku inayofuata kwetu, yaani saa nane usiku. Kwenye daftari la kituo andikeni UTC peke yake, na tarehe ya UTC. Mtu akiandika "saa nane" bila zaidi, mtakosa mpito.

Hatua ya 7: Simu inayopokelewa

Jiandikisheni Space-Track kama waendeshaji, na muweke barua pepe ya pamoja inayosomwa na zaidi ya mtu mmoja, pamoja na namba ya simu ya zamu. Barua pepe ya mwanafunzi atakayehitimu mwaka ujao haifai.

Tarehe 2 Septemba 2019, Shirika la Anga la Ulaya lililazimika kuipandisha setilaiti yake Aeolus kuikwepa Starlink 44, baada ya uwezekano wa kugongana kupanda na kuvuka 1 kwa 1,000, mara kumi ya kiwango cha kuchukua hatua. SpaceX walieleza baadaye kwamba hitilafu kwenye mfumo wao wa kuita watu wa zamu ilimzuia mhusika kuona ujumbe kuhusu ongezeko hilo. Kama kampuni yenye wahandisi wengi kiasi hicho iliweza kukosa ujumbe, timu ya watu wachache inahitaji utaratibu ulioandikwa ukutani: nani anasoma leo, akiumwa nani, na baada ya muda gani anaamshwa mwalimu.

Hatua ya 8: Onyo likifika

Ujumbe wa onyo huwa na mambo manne ya kutazama: muda wa kukaribiana, umbali, wigo wa shaka wa mahali pa kila chombo, na uwezekano wa kugongana. Wanaoanza hutazama umbali tu. Mita 400 zinatisha, kilomita mbili zinatuliza. Yote mawili yanaweza kuwa makosa. Ugawe umbali huo katika juu-chini, mbele-nyuma na pembeni. Kwenye juu-chini obiti hujulikana vizuri zaidi, kwa hiyo tofauti ya wima ya mita 300 ni habari njema hata kama jumla ni ndogo; kwenye mbele-nyuma shaka ni kubwa, kwani hewa huichelewesha au kuiwahisha setilaiti kwa namna isiyotabirika vizuri.

Kisha tazameni uwezekano. Waendeshaji wengi huchukua hatua kwenye 1 kwa 10,000, na huanza kufuatilia kwa karibu kwenye 1 kwa 100,000. Muwe macho na jambo moja linalowahadaa hata wazoefu: uwezekano mdogo unaweza kutokana na ujinga. Kama mahali pa kitu kile kingine hapajulikani vizuri, wigo wa shaka unakuwa mkubwa mno, hesabu inatandazwa humo, na namba inashuka. Hilo halimaanishi mko salama. Subirini ujumbe unaofuata, au ombeni vipimo zaidi. Kwa kawaida onyo la siku tatu au nne kabla hupungua na kutoweka kadiri vipimo vipya vinavyoingia. Lisilopungua ndilo la kushughulikia.

Kama mna injini ndogo, hamhitaji msukumo mkubwa. Badiliko la kasi la sentimita 1 kwa sekunde, mbele au nyuma, likifanywa saa 24 kabla, huisogeza setilaiti takribani kilomita 2.5 kwenye njia yake. Kufanya mapema ndiyo siri yote. Lakini msisogee kimyakimya: tumeni kwanza obiti mpya mnayokusudia ikaguliwe, msije mkakwepa kimoja mkakutana na kingine, na mzungumze na mwendeshaji wa chombo kile kama kiko hai. Wawili wakikwepa upande mmoja, hakuna aliyekwepa.

Kama hamna injini lakini mnaweza kugeuza setilaiti, igeuzeni ubavu mpana ukabili mwendo, au mwembamba. Ukinzani wa hewa utabadilika na kwa siku mbili tatu itatangulia au kuchelewa. Kampuni ya Planet imeendesha makundi ya CubeSat zake kwa mbinu hii bila injini. Inafanya kazi vizuri chini ya kilomita 500. Juu zaidi hewa haitoshi.

Na kama hamwezi kufanya lolote, semeni hivyo waziwazi kwa maandishi: "Hatuna uwezo wa kusogea." Mwenzenu ataacha kuwasubiri na atasogea yeye. Toeni pia data sahihi za mahali mlipo. Kipokezi cha GPS ndani ya setilaiti kinasaidia hapa kuliko kifaa kingine chochote kwa bei yake.

Hatua ya 9: Kustaafu kabla ya pumzi ya mwisho

Kishawishi ni kuendelea. Kamera bado inapiga, wanafunzi wapya wanataka data, kwa nini tuzime? Envisat ya Ulaya, chombo cha tani 8, iliyokuwa imepitisha mara mbili muda iliopangiwa, ilinyamaza ghafla Aprili 2012 kwenye kimo cha kilomita 770 hivi, na itakaa huko zaidi ya karne. Hakuna aliyepata nafasi ya kuishusha.

Amueni sasa, kabla ya kurusha, ni dalili zipi zitawastaafisha: betri ikishuka chini ya kiwango fulani, kompyuta ikijiwasha upya mara nyingi kuliko kawaida, mafuta yakibaki kiasi cha kushuka tu. Dalili ya kwanza kufika ndiyo inayotawala. Halafu fuateni mpangilio huu: shusheni obiti kama mna injini, tumieni mafuta yote, geuzeni ubavu mpana, zimeni redio, tenganisheni paneli, na muwajulishe Space-Track kwamba chombo hakiongozwi tena.

Kwa wenye setilaiti za matangazo kwenye kimo cha kilomita 35,786, utaratibu ni kupanda badala ya kushuka, kilomita 300 hivi juu ya njia hiyo. Kampuni ya Dish ya Marekani iliahidi kupandisha EchoStar-7 kilomita 300, ikaishiwa mafuta, ikaiacha kwenye 122. Oktoba 2023 ilikubali kulipa dola 150,000, adhabu ya kwanza ya aina hiyo kutoka FCC.

Msitegemee kwamba mtu atakuja kusafisha baadaye. Chombo cha Kijapani ADRAS-J kilifanikiwa mwaka 2024 kusogea hadi mita 15 kutoka kwenye kipande cha roketi kilichokufa, na ni kazi ya kupendeza kweli, lakini hiyo ilikuwa kukitazama tu, na gharama yake haifanani na CubeSat.

Hatua ya 10: Kikidondoka kwenu

Tarehe 30 Desemba 2024, pete ya metali yenye kipenyo cha mita 2.5 na uzito wa kilo 500 hivi ilianguka kijiji cha Mukuku, Makueni. Shirika la Anga la Kenya lilisema uchunguzi wa awali unaonyesha ni pete ya kutenganisha sehemu za roketi. Hakuna aliyeumia. Timu inayojua setilaiti ndiyo itakayopigiwa simu siku kama hiyo, kwa hiyo jueni la kufanya.

Watu wakae mbali, watoto kwanza. Matangi yanaweza kuwa na shinikizo bado, au mabaki ya hidrazini, sumu inayodhuru kwa kuvutwa na kwa kugusa ngozi. Asije mtu wa vyuma chakavu. Toeni taarifa kwa polisi na shirika la anga la nchi, au mamlaka ya mawasiliano na ya usafiri wa anga pale ambapo shirika halipo. Pigeni picha kutoka mbali mkiweka kitu cha kulinganisha ukubwa, andikeni saa, mahali kwa GPS, na ushahidi wa waliosikia mlio. Picha za namba na maandishi yaliyobaki kwenye metali ndizo hutambulisha mwenye kitu. Mali ni ya nchi iliyorusha, na Mkataba wa Uokoaji wa 1968 unataka irudishwe ikiombwa, lakini uharibifu ni jukumu lake pia. Chini ya Mkataba wa Dhima wa 1972, mdhuriwa aliyeko ardhini hahitaji kuthibitisha uzembe. Kanada ilidai baada ya Kosmos 954 yenye mtambo wa nyuklia kuanguka kaskazini mwake Januari 1978, na mwaka 1981 Umoja wa Kisovieti ukakubali kulipa dola milioni 3 za Kanada. Dai hupelekwa na serikali kwa njia ya kidiplomasia, ndani ya mwaka mmoja tangu madhara yatokee au tangu nchi iliyorusha itambulike, kwa hiyo mwenye shamba aandikiwe taarifa polisi siku hiyohiyo na abaki na nakala.